Upana wa Mkeka wa Mounira

Watu wa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, walikuwa na neno lao juu ya Asumani, fundi wa baiskeli: ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza ni mkubwa gani aliyeitia saini. Naye akisikia hivyo hakukasirika, aliona ni sifa. Treni ikichelewa mwezi mzima kufika Kindu, ni wakubwa. Daraja likioza, wakubwa. Kijana wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, akileta mpira wa ndani uliopasuka siku ileile aliyoununua, Asumani aliuinua kwenye mwanga, akaupuliza, akasikiliza unavyolia, akasema, "Yule aliyeruhusu uchafu huu kuingia inchini, yeye anatembea na gari."

Kwa kifo cha mke wake, lakini, alikuwa na haki. Hata waliomcheka hawakumbishia hilo.

Ilikuwa miaka ya vita, mwaka ule wa njaa. Waasi walikuwa wameushika mji, na wapiganaji wa Mayi-Mayi walikuwa wameuzunguka porini pande zote. Ukitoka kwenda shambani, hawa wanasema umepeleka habari kwa wale. Ukirudi, wale wanasema ulikuwa umetumwa na hawa. Mihogo ilioza ardhini mahali pa karibu hivi kwamba ungeweza kusikia jogoo wa kule akiwika, na huku mjini watu walichemsha majani bila chumvi. Treni ilisimama kwenye reli mpaka majani yakaota kati ya magurudumu. Hakuna aliyekuwa na baiskeli ya kutengenezwa, kwa kuwa baiskeli zote zilikuwa zimechukuliwa na askari. Asumani alikaa mlangoni na koleo lake, akitukana.

Mounira, mke wake, alikaa nyuma ya nyumba akisuka.

Wasiosuka hudhani mkeka husukwa mzima. Hapana. Mwanamke husuka kwanza ukili, yaani utepe wa majani ya mkindu, mwembamba kama kiganja, mrefu usioisha, anauviringisha kuwa bunda kadiri unavyokua. Ukili ukitosha, unashonwa. Unazungushwa, ukingo juu ya ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kipatikane kitu kama pipa lisilo na kitako. Halafu pipa lile linakatwa kwa mkasi toka juu mpaka chini, linafunguka, linalala, na hapo njo linaitwa mkeka.

Katika nyumba ya Asumani kazi hiyo iligawanywa. Mounira alisuka na kutia rangi, nyekundu ya unga wa mti, nyeusi ya tope. Asumani alishona, kwa sababu kuvuta uzi kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kunataka mkono wenye nguvu. Ila mzunguko wa kwanza haukuwa wake. Huo aliuweka Mounira mwenyewe. Aliukunja ukili, akauangalia, akausogeza kidogo, akachoma mwiba mahali ukili unapojikuta, akampa. "Fuata hapo," alisema, akarudi kwenye sufuria yake. Asumani alifuata. Na maua yalijipanga yenyewe chini ya mikono yake, nyekundu chini ya nyekundu, nyeusi chini ya nyeusi, kana kwamba yalikuwa yameitwa kwa majina.

Ukili ule wa mwaka wa njaa ulikuwa mwingine. Rangi zake zilikuja bila mpango. Nyekundu ndefu, halafu nyeupe, halafu nukta nyeusi iliyosimama peke yake kama mtu aliyeachwa na treni, halafu nyekundu tena pale ambapo hukuitazamia. Majirani walipita, wakatazama, wakaenda zao. Mmoja aliwaambia wenzake, sauti ikamfikia Asumani, kwamba njaa imeanza kumwingia Mounira kichwani, hesabu inamtoka. Asumani alimtukana mpaka mtaa wa pili. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akamwuliza mke wake anasuka kitu gani. Mounira hakuinua macho.

"Wewe utashona," alisema. "Utaona."

Asumani hakushona. Homa ilimshika Mounira na tumbo likafuata. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, kwenye zahanati moja ambayo bado ilikuwa na muuguzi. Lakini komanda alikuwa amekataza mitumbwi kuvuka bila karatasi yake. Asumani alikwenda kukaa kwenye uwanja wa komanda. Walimwambia arudi kesho. Alirudi. Walimwambia anayeweka muhuri amekwenda kula, na katika mji ule, mwaka ule, kusikia kwamba kuna mtu amekwenda kula kulikuwa ni tusi juu ya tusi. Siku karatasi ilipotoka, ina muhuri mzuri wa duara, hakuwa na mtu wa kuvusha tena.

Bunda la ukili lilibaki. Alilitia ndani ya gunia, akalitundika kwenye mti wa dari, juu ya kitanda. Mara moja tu katika miaka yote iliyofuata alilishusha na kulikunjua uani, aone. Alitembea kando yake akitafuta mpango, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Hakuona kitu. Nukta hapa, mstari pale. Akaliviringisha upesi kabla mtu hajapita.

Tangu siku hiyo alijua jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata binti yake Neema: kwamba majirani walisema kweli. Njaa ilikuwa imemla Mounira akili kabla ya kumla mwili. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jani moja alikufa hajui anachosuka. Basi Asumani aliwachukia wakubwa kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe. Kufa, alisema moyoni, ni kwa kila mtu. Lakini kumfanya mtu aage dunia akiwa mjinga wa kazi yake mwenyewe, huo ni wizi wa namna nyingine.

Miaka ilipita. Wale waasi wakaondoka, wakaja wengine wenye kofia, wakaja wenye tai. Neema akaolewa, akahamia mtaa wa Kasuku, akazaa. Mtoto wake wa kwanza, Hawa, alipofika darasa la sita alianza kuja kwa babu yake kila akitoka masomo, kwa kuwa shule ilikuwa hukohuko Mikelenge. Alikuwa mtoto wa maneno machache na macho mengi. Siku moja alikuja na kitu bapa kimefungwa ndani ya kitenge.

Ilikuwa tablete. Mradi fulani ulikuwa umeleta kadhaa shuleni pamoja na palake ya jua ya kuzichajia, na mwalimu wao, Madamu Euphrasie, alizitumia kufundisha hesabu kwa kuchora mikeka.

"Kwa hiyo serikali imekosa chaki," Asumani alisema, "imenunua vioo."

Hawa alikuwa amezoea maneno yake. Alikaa juu ya gurudumu bovu, akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na miraba midogo, mamia. Mtoto anagusa mraba unakuwa mwekundu, anagusa mwingine unakuwa mweusi. Anachora ukili, halafu anauambia uzunguke kwa upana huu au upana ule, na mkeka mzima unajitokeza. Hapo njo hesabu iko, Hawa alieleza. Ukigawanya upana kwa urefu wa ua na kisibaki kitu, ua linasimama juu ya ua, mstari unakwenda wima kama mti. Ukibakiwa na mraba mmoja, ua linasogea mraba mmoja kila mzunguko, mstari unakwenda mshazari. Wakibaki wawili, unainama zaidi. Watoto ambao zamani walilia wakisikia neno kugawanya, sasa waligombania zamu.

Asumani alisema ni mchezo wa watoto wa matajiri. Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mnyororo wa baiskeli. Mstari ule mshazari alikuwa ameushona mara ngapi, akauona unapanda kama mchwa kwenye ukuta, na hakuna siku alijua kwamba una sababu.

Hawa ndiye aliyeomba. Madamu alikuwa amewaambia walete ukili wa nyumbani, wa kweli, waunakili ndani ya mashine waone upana wake. Mama yake alikuwa amemsimulia juu ya gunia la darini. Asumani alisafisha mikono kwa mafuta ya taa, akapanda juu ya kitanda, akalishusha. Mwenyewe hakujua kwa nini alikubali. Labda kwa sababu mtoto hakusema neno lolote juu ya akili ya bibi yake. Aliomba tu, kama unavyoomba maji.

Alasiri baada ya alasiri Hawa alikaa uani na bunda lile, akilifungua kidogo kidogo, kidole kimoja juu ya ukili na kimoja juu ya kioo. Alisoma kwa sauti ya chini: nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Asumani alinyoosha vyuma vya magurudumu akisikiliza. Vijana wa toleka walimwuliza mbona siku hizi hatukani. Akawaambia wangoje, matusi yako njiani.

Kazi ya kunakili ilikwisha, na Hawa hakuleta jibu. Akiulizwa alisema bado wanatafuta. Mwisho alikuja Madamu Euphrasie mwenyewe, na Hawa nyuma yake akitazama vidole vya miguu.

Madamu alikuwa mwanamke kijana, mpole, lakini si wa kusukumwa. Alikataa kiti, kisha akakubali. Alimshukuru Papa Asumani kwa ukili. Alisema watoto wamejaribu kila upana, kuanzia mkeka wa mtoto mchanga mpaka wa kitanda cha watu wawili, na kila mara rangi zinatawanyika. Hawajakata tamaa. Tena kuna jambo la pili: shule itakuwa na siku ya wageni, waziri wa jimbo atakuja na watu wa mradi, na wangependa ukili wenyewe ulazwe mezani, wageni waone watoto wanafanyia kazi kitu cha kweli.

Aliposikia waziri, Asumani alishaanza kupumua kwa pua. Aliona yote mara moja. Wangelipiga picha bunda la Mounira, wangelichukua mpaka Kinshasa, wangelichapa kwenye vitambaa. Au vibaya zaidi: lingelala mezani, na mtu mwenye tai angeuliza huu mchoro gani, na mtoto angejibu, hatujui, mashine imeshindwa. Mbele ya watu wote.

Pengine angenyamaza hata hapo. Lakini Madamu, kwa wema, aliongeza: "Pengine kuna mahali mama alipoteza hesabu, Papa. Si kosa lake. Ilikuwa vita."

Asumani alisimama.

"Mama hakupoteza kitu," alisema. "Aliyepoteza ni ninyi, muliokaa mukihesabu vyeo. Toka kwangu, mwanangu. Na umwambie waziri wako, mukeka ya marehemu haiko kiti yake."

Madamu aliinuka, akaondoka. Hawa alibaki nyuma kidogo, akisema babu, babu, lakini Asumani alimwambia naye aende, na kile kioo asikilete tena pale. Mtoto hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata.

Basi akawa peke yake na bunda, na maneno yale yakimzunguka. Pengine kuna mahali mama alipoteza hesabu. Aliwaza: mradi ukili upo, watakuja kuutaka. Watakuja na karatasi. Watakuja na chifu wa mtaa. Kwa wakubwa kitu kisichokamilika ni mali isiyo na mwenyewe, waingie wachukue. Lakini mkeka ulioshonwa na kulaliwa na mtu, nani atauchukua? Na Mounira mwenyewe, si alisema nani atashona? Alisema wewe utashona.

Alitoa shazia toka kwenye kopo la misumari, akaisugua kutu kwa mchanga. Alikata kamba nyembamba, akailoweka. Kisha akakaa nyuma ya nyumba, pale alipozoea kukaa Mounira, na akakwama mara moja: hakukuwa na wa kumwekea mzunguko wa kwanza. Aliugeuza ukili mkononi, akaukunja hivi, akaukunja vile. Rangi hazikumwambia kitu. Mwisho akaingia ndani, akaupima kwa kitanda chake, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa nacho cha kupimia. Kitanda cha mtu mmoja.

Akashona. Toka mzunguko wa pili aliona mambo yanavyokwenda. Nyekundu iliangukia juu ya nyeupe. Nukta nyeusi zilitawanyika kama mchele uliomwagika. Mkono ulikuwa unakumbuka zamani, jinsi ua lilivyojiunga na ua na mtu akapata hamu ya kuendelea aone kinachofuata. Sasa kila mvuto wa uzi ulikuwa ushahidi juu ya marehemu. Angeweza kusimama. Uzi bado ulifumuka, hakuna kilichokuwa kimeharibika. Lakini kiburi kilimshika, na huzuni ikashika mkono wa kiburi. Alijiambia kwamba hata kama ni kazi ya mtu aliyeishiwa akili, ni ya mke wake, na yeye ataulalia hivyo hivyo mpaka wamzike. Alishona mpaka ukili wote ukaisha, likalala uani pipa refu jembamba lenye madoa.

Akachukua mkasi wa kukatia mipira. Aliingiza ncha mwanzoni, akakata mpaka mwisho, kila mzunguko mmoja baada ya mwingine, ukipiga kelele ndogo kama mtu anayetafuna. Pipa likafunguka. Akakunja kingo upesi, kwa kuwa ukili ukishakatwa majani yake yanaanza kufumuka yenyewe, akaushona upindo, akautandika kitandani. Kwa upana ulienea sawasawa; urefu uliozidi aliukunja, mkunjo juu ya mkunjo. Aliutazama akitazamia kusikia moyo umetulia. Moyo haukutulia, ila ulinyamaza.

Hawa alikuja siku mbili baadaye. Alikuja akikimbia, jambo ambalo si tabia yake, na kile kioo kikiwa ndani ya kitenge ingawa alikuwa amekatazwa.

"Babu, usikasirike kwanza," alisema. "Angalia."

Alipiga goti mbele ya benchi la kazi, akaweka tablete juu ya makoleo. Alieleza huku anagusa. Wote walikuwa wamekosea, hata Madamu. Walitafuta mkeka wa kulalia, kwa kuwa kila mtu alijua ule ulikuwa mwaka wa njaa na mtu wa njaa anasuka kidogo. Hakuna aliyejaribu kupita upana wa kitanda kikubwa. Halafu jana, mtoto mmoja wa darasa, kwa utundu tu, alivuta kidole mpaka mwisho wa kioo. Miraba ikakimbia. Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

Hawa aliuvuta upana polepole ili babu yake aone. Kwanza ilikuwa ile fujo aliyoijua, ile iliyokuwa kitandani kwake. Ikasogea. Ikainama. Nukta nyeusi zilizosimama peke yake zilianza kutafutana, zikasogeleana, na ghafla zikashikana mikono. Mstari mwekundu uliokuwa ukitangatanga ulijinyoosha ukawa ukingo, ukazunguka pande zote nne bila kukatika. Ndani yake yalitokea maua ya pembe nne, ua ndani ya ua, makubwa pembeni yakipungua kuelekea katikati, na katikati kukabaki peupe, uwanja mtulivu usio na rangi yoyote. Hakuna mraba uliokosa mahali pake. Hata mmoja.

"Madamu anasema hajaona hesabu ya namna hii," Hawa alisema. "Anasema anakuomba musamaha. Bibi hakupotea mahali popote."

Asumani aliujua mkeka ule. Hakuwahi kuuona, lakini aliujua. Pale katikati peupe ni mahali pa kuweka sahani. Mkeka wa upana ule hautandikwi nyumbani kwa mtu na mkewe. Unatandikwa siku watu wanapokuja kwa wingi, harusi au maulidi, wakae bega kwa bega kuzunguka chakula. Mwaka ule hakukuwa na harusi. Maulidi yalisomwa kwa kunong'ona, na hakukuwa na mtu wa kualikwa wala kitu cha kumlisha. Na Mounira, akiwa na miguu iliyovimba kwa njaa, alikuwa akikaa nyuma ya nyumba akiwapangia wageni mahali pa kukaa.

Alinyoosha kidole, akagusa katikati. Picha iliruka. Ikawa kubwa, maua yakatoroka pembeni, kukabaki mraba mmoja mweupe umejaa kioo chote.

"Nimeharibu?"

"Hapana, babu. Gusa tena."

Akagusa, mkeka ukarudi mzima. Aligusa tena ukaondoka, akagusa ukarudi. Hawa alimwacha afanye hivyo. Kisha akasema kile alichokuwa amekuja kukisema: kwamba sasa upana wanaujua, na darasa zima linaomba, si kwa ajili ya waziri, waziri aje asije, linaomba babu aje na ukili, waushone pamoja naye, kwa sababu hakuna mtoto anayejua kushika shazia. Wameshasafisha darasa. Wamesogeza madawati, kwa kuwa mkeka ule utahitaji chumba chote.

Asumani aliinuka. Alikwenda mlangoni, akasukuma pazia, akampisha.

Hawa alisimama mbele ya kitanda. Aligusa upindo, pale kila mzunguko ulipokuwa umekatwa. Alikuwa ameunakili ukili ule jani kwa jani, hakuhitaji kuelezwa. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya darasani, mtu anapotaka kuelewa kweli:

"Sasa nani alikuambia ukate?"

Na Asumani, aliyekuwa na jibu la swali hilo maisha yake yote, alifungua mdomo kuanza pale alipozoea kuanza. Komanda na karatasi yake. Muhuri. Waziri na kiti chake. Maneno yalikuja yote, yamejipanga kama askari wa gwaride, na aliona kwamba yanatosha kwa kila kitu isipokuwa kwa mkasi.

"Hakuna," alisema. "Hakuna mukubwa alifika hapa."

Asubuhi alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akaviringisha mkeka ule mwembamba, akaenda shuleni na Hawa. Alikuwa amefikiri kumtuma mtoto peke yake. Lakini aliona kwamba kumtuma mtoto kupeleka habari ya mkasi wake ndivyo wakubwa wanavyofanya.

Chumba kilikuwa kweli kimesafishwa. Sakafu ilimwagiwa maji na kufagiwa, na watoto walikaa kando ya kuta zote nne, katikati pakiwa wazi. Walipomwona na kitu kilichoviringishwa begani waliinuka. Madamu Euphrasie alianza kumkaribisha, akaona kwamba alichobeba ni mkeka uliokwisha kushonwa, akawasogeza watoto nyuma.

Asumani aliutandika sakafuni. Ulilala pale mwembamba kama njia ya shambani.

Aliwaambia kwa kifupi. Ukili mlioungoja ndio huu. Niliushona mimi, upana nilibuni, nikaukata. Hauwezi kurudi, majani yake yamekatika katika kila mzunguko, ukifumua utabaki na vipande. Mulikuwa na haki nao, na mimi sikuwangoja. Alisema hivyo, kisha hakujua afanye nini na mikono.

Watoto walitazama. Mmoja alisema polepole kwamba si kitu, mchoro uko ndani ya mashine, watasuka mwingine. Wengine wakaitikia. Walikuwa wanamfariji, na hilo lilimwuma kuliko kama wangemzomea. Madamu alisogeza benchi, Asumani akakaa.

Kisha msichana mmoja wa pembeni, mwenye tablete mapajani, aliinua mkono kama anavyofanya kwa mwalimu.

"Babu, sisi tulikuwa na mashine, na imetuchukua siku nyingi. Yeye hakuwa nayo. Alianza kusuka upande huu akajua rangi itaangukia wapi upande ule, mbali vile. Alikuwa anafanya namna gani?"

Darasa lote lilimgeukia. Hata Madamu Euphrasie alichukua kalamu. Lilikuwa swali zuri, na alilijua ni zuri, kwa sababu yeye peke yake katika watu wote walio hai alikuwa amekaa karibu na jibu lake. Alikaa miaka mingi umbali wa mkono. Alipokea mzunguko wa kwanza tayari, akaushona. Na mwaka ule wa mwisho, wakati hakukuwa na baiskeli, wala kazi, wala safari, wakati walikuwa na mchana mzima, kila siku, wa kuongea, Mounira alikaa nyuma ya nyumba midomo ikicheza, akihesabu kitu, na yeye alikaa mlangoni, mgongo kwake, akimtukana komanda.

"Sijue," Asumani alisema. "Sikumuuliza."

Msichana alingoja kidogo, kama kuna mengine. Kisha alishusha mkono.